Shamba la Ekari Tatu Lililokuwa Ekari Mbili: Nilivyojifunza Kupima kwa Programu Niliyoiunda Kutoka Kwenye Maandishi Yake

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbolea. Nataka kukueleza kosa langu mwenyewe la kupima shamba, na jinsi lilivyonifikisha kwenye kazi ambayo sikuwahi kudhani bwana shamba ataifanya: kuchukua programu ya kompyuta ikiwa bado ni maandishi matupu, kuigeuza iwe kitu kinachofanya kazi, na kuifunga kwenye laptopu yangu chakavu.

Soma mpaka mwisho. Hata kama huna kompyuta, habari ya hatua na ekari inakuhusu.

Mbegu zilipobaki

Msimu wa masika uliopita mama mmoja wa kijiji cha jirani alikodi shamba kwa mzee mmoja. Walikubaliana ekari tatu, shilingi 60,000 kwa kila ekari. Ili pasiwe na maneno baadaye, waliniita nipime. Nikapima kama tunavyopima wote huku: ekari moja ni hatua 70 kwa 70, kwa hiyo ekari tatu ni hatua 70 upande mmoja na 210 upande wa pili. Nikachomeka vijiti kwenye pembe, nikatangaza, "Hizi hapa ekari tatu." Mama akahesabu 180,000 mbele yangu, mzee akaweka mfukoni, tukanywa soda.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia mama mahitaji yake. Mbegu ya mahindi kilo 10 kwa ekari, jumla kilo 30, yaani pakiti 15 za kilo mbili. Mbolea ya kupandia, DAP, mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, jumla mifuko mitatu.

Wiki moja baada ya kupanda alikuja ofisini na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na pakiti nne za mbegu ambazo hazijafunguliwa. Akaniambia, "Bwana shamba, mbegu zimebaki. Nafasi nimefuata zile ulizotufundisha, sentimita 75 kwa 30. Nimekosea wapi?"

Nikamjibu haraka, kwa ile kujiamini ya mtu mwenye diploma: "Mama, vibarua wako wameruka mashimo."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nilipanda mwenyewe na watoto wangu."

Mbolea haikubaki. Alikuwa ameimaliza yote mitatu, kwa sababu bwana shamba alisema mitatu.

Hatua yangu ina urefu gani?

Jioni ile nilitandika futikamba nyuma ya ofisi, nikatembea hatua kumi kama ninavyotembea shambani. Nilitarajia mita tisa. Nikapata mita 7 na sentimita 70.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047. Shamba la mraba lenye ukubwa huo lina upande wa mita 63.6. Ili hatua 70 zitoe mita 63.6, kila hatua lazima iwe na sentimita 91. Hiyo ni hatua ndefu, ya mtu anayejinyoosha kwa makusudi. Hatua yangu ni sentimita 77. Hatua 70 zangu ni mita 53.9, na hatua 210 ni mita 161.7. Zidisha: mita za mraba 8,715 na kidogo. Gawanya kwa 4,047: ekari 2.15.

Mama alikuwa amelipia ekari tatu. Alikuwa amenunua mbegu na mbolea ya ekari tatu. Aliyekosea ni mimi, na nilikuwa nimewasingizia vibarua ambao hawakuwepo.

Usingizi haukuja vizuri usiku ule. Nilikuwa najiuliza nimepima mashamba mangapi kwa miguu hii hii tangu niajiriwe.

Simu mbili, majibu mawili

Kabla ya kurudi kwa mama na mzee nilitaka kipimo kisicho na ubishi. Nikaweka kwenye simu programu moja ya kupimia mashamba, unawasha na kulizunguka shamba. Ikasema ekari 2.1. Nikaazima simu ya mwenzangu yenye programu nyingine. Ikasema 2.6.

Sasa nimwamini nani? Zote mbili hutoa jibu moja la mwisho. Hazikuonyeshi namba zilizotumika wala hesabu iliyofanyika. Ukienda na jibu la namna hiyo kwa watu wenye mgogoro, kila mmoja ataichagua simu inayompendelea.

Nilikwenda mjini kumwona kijana wa steshenari, yule anayetengeneza kompyuta. Ndiye aliyeniwekea mfumo wa Linux kwenye laptopu yangu ilipokuwa imekufa kwa virusi. Nikamweleza shida yangu. Akasema, "Kaka, tenganisha mambo mawili. Simu ikupe namba za pembe tu, uziandike kwenye daftari. Hesabu ifanywe na programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua." Akanitajia GeographicLib.

GeographicLib ni maktaba ya programu, maana yake ni mkusanyiko wa kanuni za hesabu zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine huzitumia badala ya kuanza upya. Mwandishi wake ni Charles Karney wa Marekani. Inashughulika na umbali, maeneo na mahali kwenye uso wa dunia, na inazingatia kwamba dunia si mpira kamili bali imebonyea kidogo kwenye ncha. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuibadili na kumgawia mwenzako bila malipo. Pamoja na maktaba zinakuja programu ndogo ndogo, na mojawapo inaitwa Planimeter. Jina hilo ni la chombo cha zamani cha kupimia eneo kwenye ramani. Jakob Amsler wa Uswisi alibuni aina yake maarufu mwaka 1854.

Tatizo lilikuwa moja. Ile iliyokwisha kufungashwa ilihitaji mfumo mpya kuliko ule ulio kwenye laptopu yangu. "Itabidi uikompaili mwenyewe," akasema kijana.

Kukompaili ni kusaga mwenyewe

Unaijua sembe ya paketi. Unanunua, unasonga ugali, hujui mahindi yalitoka wapi. Njia nyingine ni kuchukua mahindi yako, kuyapeta, kuyapeleka mashineni na kuangalia unga ukitoka. Programu nazo ziko hivyo. Nyingi zinakuja zimeshasagwa. Lakini programu huria unaweza kuipata ikiwa bado mahindi, yaani maandishi ambayo mtu aliyesomea anaweza kuyasoma mstari kwa mstari. Mashine ya kuyasaga inaitwa kompaila. Kwa programu hii, iliyoandikwa kwa lugha ya C++, kompaila niliyotumia ni g++.

Faida ni kwamba unga unaotoka unalingana na kompyuta yako, hata ikiwa ya zamani. Na hakuna kilichofichwa: kama una shaka na hesabu, maandishi yake yapo.

Nilipakua faili kutoka kwenye ukurasa wa mradi wenyewe. Na wewe fanya hivyo hivyo, usichukue kwa mtu usiyemjua. Ni faili dogo, bando la siku linatosha. Kisha nikafungua terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri hizi moja baada ya nyingine:

tar xfz GeographicLib-*.tar.gz
cd GeographicLib-*/
mkdir BUILD
cd BUILD
../configure
make
sudo make install
sudo ldconfig

Amri mbili za kwanza zinafungua kifurushi na kuingia ndani yake. Mbili zinazofuata zinatengeneza chumba cha kazi, ili uchafu wa kusaga usichanganyike na mahindi. Ile ya configure inakagua kompyuta kama ina vifaa vyote. Make ndiyo kusaga kwenyewe. Make install inapeleka unga ghalani, mahali ambapo programu zote zinaweza kuufikia. Ya mwisho nitaieleza hapo chini, maana ndiyo iliyonipotezea siku nzima.

Nilipokwama mara tatu

Mara ya kwanza configure iligoma. Ilitoa mistari mingi, na wa mwisho ulisema kompaila ya C++ haiwezi kutengeneza programu. Nilidhani faili ni bovu, nikalipakua upya, bando likaisha. Kumbe sikuwa na g++ kabisa. Nilikuwa nimepeleka mahindi mahali pasipo na mashine. Kijana wa steshenari aliniwekea g++ kutoka kwenye flashi yake. Somo: kabla hujalaumu mbegu, angalia kama una jembe.

Mara ya pili kila kitu kilikwenda vizuri. Make ilichukua muda, nikapika chai na kuinywa mistari ikiendelea kupita. Nikafunga, nikaandika planimeter, kompyuta ikasema haiijui amri hiyo. Nikarudia kufunga, ikakataa tena. Kosa lilikuwa herufi moja: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Jina ni Planimeter, kwa P kubwa.

Mara ya tatu niliandika P kubwa, programu ikaamka na kulalamika kwamba haikuiona maktaba yake, wakati nilikuwa nimeifunga dakika kumi zilizopita! Hapo ndipo nilipoielewa amri ya mwisho, ldconfig, ambayo nilikuwa nimeiruka kwa kuona haina maana. Gunia limeshawekwa ghalani, lakini mtunza ghala hajaandika kwenye daftari lake. Kwa mtunza ghala, kisichoandikwa hakipo. Ldconfig inamwambia aandike upya. Nikaitoa amri hiyo, Planimeter ikafanya kazi.

Niliona haya kidogo. Kila siku nawaambia wakulima wasiruke hatua: usipande kabla ya kupima udongo, usipulize dawa kabla ya kusoma lebo. Mimi nimepewa mistari minane nikaruka mmoja.

"Shamba langu lina deni?"

Nikarudi shambani na mama, mzee, na kijana mmoja wa mzee. Kwenye kila pembe nilisimama, nikasubiri simu itulie kama dakika moja, nikaandika namba mbili: latitudo, kisha longitudo. Nilizisoma kwa sauti, na kijana wa mzee akaziandika kwenye daftari lake pia.

Nilipozipeleka kwenye laptopu, jibu likaja:

4 427.318846 -8540.6

Namba ya kwanza ni idadi ya pembe. Ya pili ni mzunguko wa shamba kwa mita. Ya tatu ni eneo kwa mita za mraba. Lakini mbele yake kulikuwa na alama ya kutoa. Mama akaichungulia na kuuliza, "Bwana shamba, shamba langu lina deni?"

Tulicheka, ingawa mimi moyoni sikucheka. Baadaye nikasoma maelezo ya programu na kuelewa. Planimeter inahesabu eneo kuwa chanya ukizunguka kinyume cha mishale ya saa. Mimi nilizunguka kwa kufuata mishale ya saa, ikaweka alama ya kutoa. Ukubwa ni ule ule, alama inakuambia tu ulitembea upande gani.

Kosa lingine ni baya zaidi. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo yetu inaandikwa na alama ya kutoa. Siku moja niliisahau kwenye pembe moja tu. Programu ikaihamishia pembe hiyo kaskazini ya Ikweta, na shamba la mama likawa la maelfu ya ekari. Kosa kubwa kama hilo unaliona. Linalotisha ni dogo, kwa hiyo usipunguze desimali: ya tano katika namba za latitudo ni kama mita moja ardhini. Andika angalau sita.

Nilijuaje kwamba ni kweli?

Sikuamini programu kwa sababu tu inatoka Marekani, wala kwa sababu niliisaga mwenyewe. Nilirudi siku mbili nyingine, kwa saa tofauti, nikapata 8,702 na 8,911. Kwa ekari, vipimo vyote vitatu ni 2.11, 2.15 na 2.20. Tofauti hiyo haitokani na hesabu, inatokana na simu. Mahali pa wazi simu kwa kawaida hukosea mita tatu hadi tano, na chini ya mwembe hukosea zaidi. Huenda ndiyo sababu zile simu mbili za mwanzo zilipishana. Upande mmoja wa shamba lile una miembe, na zilikuwa zinarekodi njia nzima badala ya pembe.

Kisha tukavuta futikamba, mimi upande mmoja na mzee upande wa pili. Mita 54 kwa mita 161. Ni mita za mraba 8,694, ekari 2.15.

Utauliza, kama futikamba inatosha, programu ya nini? Shamba lile lina pembe nne zilizonyooka, futikamba inaliweza. Lakini mengi ya kwetu yana pembe sita au saba, yanafuata mto, yanakatwa na njia ya ng'ombe. Hapo kuzidisha urefu kwa upana kunakudanganya. Nilianza na shamba rahisi ninaloweza kulihakiki kwa mkono, ili niwe na haki ya kuiamini programu kwenye shamba gumu.

Walivyosema mama na mzee

Niliwaita ofisini, nikaweka daftari mezani. Nikaanza kwa kumwomba mama radhi kwa yale maneno ya vibarua. Kisha nikasema kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa kibovu, na kosa ni langu, si la mzee.

Mzee hakufurahi. Alisema, na alikuwa na haki, "Wewe ndiye uliyepima. Mimi nilipokea hela ya kile ulichosema." Alichukua daftari la kijana wake, akalinganisha namba na za kwangu, akaniambia nizirudie kwenye kompyuta mbele yake. Nikarudia, jibu likawa lile lile. Akakaa kimya, kisha akakubali kwamba shilingi 51,000 zilizozidi zihesabiwe kwenye kodi ya msimu unaofuata.

Mfuko wa mbolea haukurudi. Umeshaingia ardhini. Nilijitolea kuulipia nusu, mama akakataa, akasema nimpimie shamba la dada yake vizuri. Nimelipima. Lina pembe saba.

Mambo ya kuchukua nyumbani

1. Pima hatua yako leo. Tandika mita 10, tembea kama kawaida, hesabu hatua, kisha gawanya 10 kwa idadi hiyo. Ukipata chini ya sentimita 91, hatua 70 zako si ekari.

2. Unapokodi shamba, unapolipa trekta kwa ekari au unaponunua zao likiwa shambani, kila upande uandike namba za pembe kwenye daftari lake. Kipimo kisichoweza kurudiwa mbele ya mwenzako kitaleta ugomvi.

3. Ukipima kwa simu, simama kwenye pembe, subiri itulie, kaa mbali na miti mikubwa, na rudia siku nyingine. Kwenye bustani ya robo ekari tumia futikamba, maana kosa la mita chache ni kubwa mno kwa eneo dogo.

4. Ukitaka programu, uliza kwanza kama ipo iliyofungashwa kwa mfumo wako. Kama haipo, sasa umeona kwamba kuikompaili si uchawi. Fuata mistari yote, na usiruke wa mwisho.

5. Kipimo hiki ni cha kupanga mbegu, mbolea na kodi. Hakitoi hati ya ardhi, hiyo ni kazi ya wapima ardhi walioidhinishwa.

6. Mbegu zikibaki au zikipungua wakati umefuata nafasi, usimlaumu aliyepanda kabla hujapima shamba.

Kama niliwahi kukupimia shamba kwa hatua, njoo ofisini Jumatatu au Alhamisi tulirudie. Sitakutoza kitu, na ukija, njoo na daftari.

Nakutakia msimu mwema.